Maswali ya Wasomaji: Magari ya Spoti ya Kijerumani Yaliyopuuzwa

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Dodoma na mikoa ya jirani zimehusu jambo moja kwa namna tofauti: magari ya spoti yaliyoundwa na kampuni za Kijerumani kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo huko yaliko huuzwa kwa bei ndogo kuliko ukubwa wa majina yake. Baadhi ya barua tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehamia Dodoma pamoja na ofisi yangu kutoka Dar es Salaam. Katika kutafuta gari la pili la familia nimeona tangazo la Porsche 944 ya mwaka 1987 iliyoko Uingereza, na bei yake haifiki ile niliyotajiwa hapa mjini kwa Toyota Harrier iliyotumika. Wenzangu kazini wananicheka na kusema kwamba hiyo si Porsche, ni Volkswagen iliyobandikwa nembo. Je, wanasema kweli? Na je, niinunue? (Mtumishi wa umma, Mtumba)

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wamesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayokufaa wewe unayeishi Dodoma.

Kisa kinaanza na mtangulizi wa 944, yaani 924. Gari hilo lilisanifiwa na Porsche kwa niaba ya Volkswagen, na Volkswagen ilipoghairi, Porsche iliuchukua mradi na kulitoa gari mwaka 1976, likiundwa Neckarsulm katika kiwanda kilichokuwa cha NSU na ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Audi. Injini yake ya cc 1,984 ilitoka Audi na ilifungwa pia kwenye gari la mizigo la Volkswagen LT. Mikono ya chini ya magurudumu ya mbele ilikuwa ya Volkswagen Golf, na sehemu ya mfumo wa nyuma ilitokana na Beetle. Kwa mashabiki wa Porsche 911, waliozoea injini iliyokaa nyuma na kupozwa kwa hewa, gari lenye injini mbele, inayopozwa kwa maji na yenye undugu na gari la mizigo lilikuwa fedheha. Fedheha hiyo haijafutika hadi leo, na ndiyo inayoishikilia bei yake chini.

Dharau hiyo haihusiani hata kidogo na namna gari linavyokwenda barabarani. Giaboksi yake imewekwa nyuma, mahali pamoja na difu, kwa hiyo uzito unagawanyika karibu sawa kati ya mbele na nyuma, na gari linaingia kwenye kona kwa utulivu ambao magari mengi ya bei kubwa zaidi hayana. Ilipotoka 944 mwaka 1982, ilikuja na injini ya Porsche yenyewe, ya lita 2.5 na silinda nne, iliyotokana na nusu ya injini ya V8 (ya silinda nane) ya Porsche 928, ikitoa nguvu za farasi 163. Silinda nne za ukubwa huo hutetemeka sana, hivyo Porsche ilifunga shafti mbili za kutuliza mtetemo kwa leseni iliyoilipia Mitsubishi. Zaidi ya 944 laki moja na nusu ziliundwa hadi mwaka 1991, na wingi huo ndio sababu nyingine ya wewe kukuta nyingi bado ziko sokoni.

Kwa hiyo mwenye 924 anaweza kupata baadhi ya vipuri kwa watu wanaouza spea za Volkswagen na Audi za zamani, bila kulipia nembo. Mwenye 944 anafaidika kidogo zaidi kwa ubora wa injini na kidogo pungufu kwa urahisi wa spea. Hiyo ndiyo mizani yako, na katika safu hii tutaitumia kwa kila gari litakalotajwa: kitu kilichofanya gari lidharauliwe Ulaya, yaani kuchangia viungo na magari ya kawaida, ndicho kinachofanya liweze kumilikiwa mahali ambapo hakuna wakala wa kampuni hiyo wala fundi aliyesomea magari hayo.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, muulize muuzaji mkanda wa taimingi na ule wa shafti za kutuliza mtetemo vilibadilishwa lini, na udai risiti, kwa sababu katika injini ya 944 mkanda wa taimingi ukikatika valvu hugonga pistoni, na matengenezo yake yanaweza kuzidi thamani ya gari. Desturi ya wenye magari hayo ni kuibadilisha kila baada ya kilomita 45,000 hivi au miaka minne, kinachotangulia. Muuzaji akijibu kwamba gari halijatembea sana na kwa hiyo mkanda bado mzima, hujajibiwa, maana mpira huzeeka hata ukiwa umelala.

Jambo la pili ni kutu. Uingereza hunyunyizia chumvi barabara zake wakati wa baridi, na ingawa bodi ya 944 ilipakwa zinki kiwandani, sehemu ya bodi iliyo chini ya milango, hasa ile inayokaribia magurudumu ya nyuma, huoza ikiwa mifereji yake ya maji imeziba. Omba picha za hapo, zikiwa zimepigwa kutoka chini gari likiwa limenyanyuliwa, siyo picha za gari lililotoka kuoshwa. Ni afadhali kumlipa mkaguzi wa huko kuliko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Likishafika Dodoma, hewa yetu kavu italisaidia: kutu inayokula magari ya Dar es Salaam na Tanga hapa hutembea polepole sana. Kinachokula gari Dodoma ni jua. Dashibodi za magari haya hupasuka kwa jua, na gundi inayoshika kioo kikubwa cha nyuma kwenye fremu yake huachia. Kwa hiyo kivuli cha kuegesha, nyumbani na kazini, kihesabu kama sehemu ya gharama za kulimiliki.

Kuhusu kodi, usiamini hesabu ya dalali. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT ni asilimia 18, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, pamoja na nyongeza inayotozwa magari yenye umri mkubwa, ambayo gari la 1987 haliwezi kuikwepa. Vilevile TRA haifuati bei uliyonunulia, bali thamani iliyo kwenye mfumo wake. Gari adimu kama hili likikosekana kwenye kikokotoo chao cha mtandaoni, mwambie wakala wako wa forodha aulize tathmini mapema, kabla gari halijapanda meli. Viwango hivi hubadilika bajeti inaposomwa bungeni mwezi Juni, basi barua hii usiitumie mwakani kama ushahidi.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu maneno "gari la pili la familia". Viti vya nyuma vya 944 vinatosha watoto wadogo na mkoba. Shemeji yako mwenye miguu mirefu akikaa humo kutoka hapa hadi Morogoro, msipofarakana mtakuwa watu wavumilivu. Ikiwa mama watoto ameridhika na hilo na unalo gari jingine la shughuli, linunue; ukipata lililotoka baada ya katikati ya mwaka 1985, lenye dashibodi mpya na kiyoyozi kinachofanya kazi, ndilo bora. Usishangae likionekana zito kidogo kuliko ulivyosoma: tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa wepesi wa hewa.

SWALI: Je, gari la chini namna hiyo linaweza kupita kwenye matuta ya Dodoma kila siku, Kisasa hadi mjini na kurudi? (Msomaji, Kisasa)

JIBU: Linaweza kwenye lami, mradi hujalishusha zaidi ya lilivyotoka kiwandani. Tuta lipande kwa pembe, gurudumu moja likitangulia, na usiwe umejaza abiria. Kwenye barabara za mitaa ambazo bado ni za vumbi hali ni nyingine kabisa, kwa kuwa jiwe moja likigonga sampo, yaani beseni la oili chini ya injini, unaweza kupoteza oili yote bila kujua hadi injini ikome. Mpe fundi kazi ya kutengeneza bamba la chuma la kukinga sampo. Wachomeleaji wa hapa wanaliweza, na ni fedha ndogo. Waambie tu waache matundu ya kupitisha hewa na tundu la kufikia nati ya kumwagia oili.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu, nina akiba ya wastani na fundi mmoja ninayemwamini, ambaye amezoea Mercedes C-Class na BMW 3 Series. Ninapenda gari la wazi au la watu wawili. Nimebaki na matatu: Mercedes-Benz SLK ya kwanza, BMW Z3 na Audi TT ya kwanza. Lipi litanisumbua kidogo? (Mwalimu, Iyumbu)

JIBU: Mwalimu, umeshajijibu pale ulipomtaja fundi wako. Magari yote matatu yalidharauliwa na waandishi wa magari kwa sababu zinazofanana: SLK iliitwa C-Class iliyofupishwa, Z3 ikaambiwa imejengwa kwa masalia ya 3 Series, na TT ikaonekana Golf iliyovaa suti. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na kwako ni habari njema.

Z3 iliundwa kati ya 1995 na 2002 huko Spartanburg, Marekani, ikiwa na mfumo wa mbele wa 3 Series ya E36 (BMW hutambulisha kila kizazi cha gari kwa alama ya namna hiyo) na wa nyuma uliotokana na kizazi kilichotangulia, E30. Nyingi ya zile za silinda sita zilizotoka baada ya katikati ya mwaka 2000 zinatumia injini ya M54, ambayo ndiyo iliyofungwa pia kwenye 3 Series ya E46, na E46 zipo mjini. Maana yake ni kwamba pampu ya maji, themostati, sensa na plagi za Z3 hiyo fundi wako amekwisha kuzishika kwa jina jingine. Ugonjwa wake mkubwa ni ule wa BMW zote za kipindi hicho: tenki la maji ya kupozea, kifuniko cha themostati na miunganisho ya rejeta ni plastiki, na plastiki hiyo huzeeka kwa joto. Usisubiri gari lichemshe katikati ya Gairo. Vibadilishe vyote kwa pamoja mara tu unaponunua. Kisha mwambie fundi aingie chini na tochi atazame mahali difu inaposhikwa na sakafu ya buti, kwa kuwa kwenye Z3 bati la hapo hupasuka na pointi za kuchomelea huachia, hasa zile zenye injini kubwa zilizoendeshwa kwa fujo. Dalili yake ni kishindo cha ghafla kinachosikika nyuma unapoachia klachi. Dirisha la nyuma la paa la kitambaa nalo ni la plastiki, na kwa jua letu litapauka na kukatika ukilikunja asubuhi likiwa baridi na gumu.

SLK, iliyoundwa Bremen kati ya 1996 na 2004, ina paa la chuma linalojikunja lenyewe ndani ya buti, na kwa vumbi la Dodoma paa la chuma ni bora kuliko kitambaa. Injini zake za silinda nne za familia ya M111 ni zilezile za C-Class ya kizazi cha W202 na za kizazi kilichofuata, W203, za mwanzo, na ni injini za kuvumilia. Paa lenyewe linaendeshwa na pampu ya haidroliki pamoja na swichi kadhaa ndogo. Swichi moja ikiharibika paa hugoma kabisa, na mafundi wengi hukimbilia kulaumu pampu kabla ya kuzipima swichi. Rangi laini iliyopakwa kwenye plastiki za ndani hubanduka vipandevipande, jambo linaloudhi macho lakini halisimamishi gari.

TT ningeiweka ya tatu. Si gari baya, na vipuri vyake vingi ni vya Golf ya nne na Audi A3. Lakini injini yake ya 1.8 yenye tabo inataka oili nzuri inayobadilishwa kwa wakati, mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji vibadilishwe kwa pamoja, na kwa zile za kuvuta magurudumu yote kuna kifaa cha Haldex, kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, chenye oili na filta yake, ambacho wamiliki wengi wa awali hawakujua hata kama kipo. Vilevile hakikisha uliyoiona ina kibawa kidogo cha nyuma: zile za mwanzo zilitoka bila kibawa, na baada ya ajali za mwendo kasi huko Ulaya Audi iliziita zirudi ili ziongezwe kibawa na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kupoteza mwelekeo.

Kwa fundi uliyenaye, chukua SLK ukitaka raha bila kelele, na Z3 ya silinda sita ukitaka kuendesha hasa. Mimi ningechukua Z3.

SWALI: Marehemu baba alituachia Mercedes SL 320 ya mwaka 1994. Imekaa chini ya mwarobaini hapa nyumbani tangu alipougua, miaka kadhaa sasa, haijawashwa. Fundi wa jirani anataka kuja na betri aipige stata aone. Kaka zangu wanataka iuzwe kama chuma chakavu. Mimi nataka kuifufua. Nianzie wapi? (Binti wa marehemu, Kibaigwa)

JIBU: Pole kwa msiba, na hongera kwa kutokubali iende kwenye mizani ya chuma chakavu. Gari hilo, ambalo wenyewe huliita R129, liliundwa kati ya 1989 na 2001, na ni miongoni mwa magari yaliyojengwa kwa uangalifu mkubwa kabisa na Mercedes-Benz. Lina nondo iliyofichwa nyuma ya viti ambayo, gari likianza kupinduka, huchomoka ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde kukinga vichwa vya waliomo. Kupuuzwa kwake kulitokana na kukaa katikati: halikuwa la zamani vya kutosha kuitwa la kale, wala jipya vya kutosha kutamaniwa.

Mwambie fundi asipige stata. Kwanza afungue boneti na kutazama nyaya za injini. Mercedes za miaka hiyo, takriban 1992 hadi 1995, zilifungwa wairingi ambayo ngozi ya nyaya zake hukauka kwa joto la injini na kupukutika kama maganda ya karanga, zikabaki shaba tupu zinazogusana. Ajaribu kukunja taratibu waya mmoja unaoingia kwenye koili au sensa. Ngozi ikivunjika vidoleni, betri isiunganishwe hadi wairingi ya injini ibadilishwe, kwa sababu nyaya zikigusana zinaweza kuunguza kompyuta ya injini na kifaa cha kuongoza mafuta, ambavyo ni ghali kuliko wairingi yenyewe. Wakati amefungua, atazame pia kama panya wamejenga humo. Chini ya mwarobaini, karibu na ghala la mahindi, ningeshangaa wasingejenga.

Wairingi ikiwa nzima au ikishabadilishwa, petroli yote ya zamani inyonywe kwenye tenki, harufu yake itakuambia yenyewe kwa nini. Filta ya mafuta ibadilishwe na mipira ya mafuta ikaguliwe, maana petroli inayovujia injini ya moto ni hatari isiyo na mzaha. Kisha zifunguliwe plagi zote sita, kila silinda itiwe oili kidogo sana, iachwe usiku kucha, na kesho yake injini izungushwe kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya mbele ya kranki. Ikizunguka bila kukwama, hapo ndipo oili ya injini na filta yake vibadilishwe, na stata ipigwe plagi zikiwa bado nje hadi oili ipande. Bahati nzuri injini hii ya M104 inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, hivyo hofu niliyomtia yule wa 944 haikuhusu.

Ikishawaka, usikimbilie barabarani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yamwagwe yote na mifumo yake isafishwe. Tairi zisome tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka: hata zikiwa na kashata nzima, zilizosimama muda mrefu juani zimekufa kwa ndani. Paa la kitambaa usilibonyezee swichi kabla ya kuhakikisha mafuta ya haidroliki yapo. Silinda zake ndogo huvuja zikizeeka, na zile za juu ya kioo cha mbele hudondosha mafuta mapajani mwa dereva. Ukiona oili inatiririka upande wa kulia wa silinda hedi usitishike sana, ni gasketi, na ni ugonjwa wa kawaida wa injini hiyo.

Kuhusu kaka zako, kabla hujatumia fedha kubwa, kamilisheni mirathi na kadi ya gari ihamishiwe jina lako kwa maandishi ya ndugu wote. Nimeona magari ya marehemu yakiharibu undugu baada ya kung'arishwa, siyo kabla.

SWALI: Mume wangu ameonyeshwa Porsche 928 iliyosimama kwenye yadi ya mtu, na anataka kuchukua mkopo ainunue. Anasema ni uwekezaji, bei itapanda kama zilivyopanda 911. Nishauri, maana mkopo tutaulipa wote. (Mama wa nyumbani, Area D)

JIBU: Mama, mkatalie. 928 ni gari la heshima: lilizinduliwa 1977 likiwa na V8 ya lita 4.5, likashinda tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1978, na lilikusudiwa kuirithi 911, ingawa lilikoma 1995 na 911 ikaendelea. Halina ile faida tuliyoisifu kwa 924, kwa kuwa karibu kila kilichomo kilisanifiwa kwa ajili yake peke yake, na mkanda wake mrefu wa taimingi unazunguka V8 nzima. 911 zilizopanda bei sana ni zile za kupozwa kwa hewa, ambazo ziliacha kuundwa 1998 na ambazo zinagombaniwa na matajiri wa nchi nyingi. Kuipata faida hiyo ukiwa Dodoma kungekulazimu kumpata mnunuzi wa nje, kulisafirisha gari na kuthibitisha historia yake, na gari lililosimama yadini bila kumbukumbu za matengenezo halina historia ya kuonyesha. Akiwa na fedha yake ya ziada anayoweza kuipoteza bila ada za watoto kuyumba, anunue kwa mapenzi. Kwa mkopo, hapana.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa UDOM na ndoto yangu ni Porsche Boxster ya kwanza. Kila ninaposoma naambiwa injini yake inakufa kwa sababu ya beringi moja. Je, ni kweli? (Mwanafunzi, UDOM)

JIBU: Marahaba. Ni kweli, ila hofu imekuzwa. Boxster ya kwanza, 986, iliyouzwa kati ya 1996 na 2004, ina shafti ya kati ndani ya injini, na mwisho mmoja wa shafti hiyo unashikwa na beringi iliyofungwa ambayo ikisagika huivunja injini yote. Beringi za miaka ya mwanzo, zenye safu mbili za gololi, zimekuwa na sifa nzuri kuliko zile za safu moja zilizofuata. Beringi imara zaidi zipo na hufungwa wakati wa kubadilisha klachi, kwa kuwa giaboksi inakuwa imeshushwa tayari. Kabla ya kununua, filta ya oili ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga: ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, ondoka.

Kwa Dodoma mimi ningeogopa zaidi rejeta zake. Ziko mbili, moja kila upande nyuma ya bampa la mbele, na matundu yake humeza majani makavu na vumbi ambavyo hukaa humo miaka bila mtu kuona. Bampa lishushwe na zisafishwe kila mwaka kabla ya joto la Oktoba.

SWALI: Nimeona R129 na 944 nzuri sana Japani, lakini usukani uko kushoto. Je, Wajapani nao hawaendeshi upande wetu? Na fundi wangu anasema hana kompyuta ya kupimia magari hayo. (Mfanyabiashara, Singida)

JIBU: Wanaendesha upande wetu, ila kwao gari la Kijerumani lenye usukani wa kushoto lilikuwa alama ya fahari, na mengi yaliagizwa hivyo kwa makusudi. Mara nyingi hayana kutu kama ya Uingereza, lakini fikiria kulipita lori kati ya Manyoni na Dodoma huku unayeweza kuona mbele ni abiria wako. Kwa safari za barabara kuu, tafuta lenye usukani wa kulia hata kama bei imezidi.

Kuhusu kompyuta, fundi wako ana haki kwa nusu ya magari haya. Porsche 924 ya kawaida inaingiza mafuta kwa mfumo wa Bosch K-Jetronic, ambao ni wa mitambo na hupimwa kwa geji ya presha. Adui yake ni petroli chafu ya kwenye madumu, basi jaza kwenye kituo. 944 ina kompyuta ya Motronic ya kizamani, ambayo fundi umeme mwenye mita na mchoro wa nyaya anaimudu. R129 nyingi za miaka ya 1990 zina soketi ya mviringo yenye pini 38 ndani ya boneti, na mashine za kawaida za soketi ya pini 16 haziingii humo bila kiunganishi chake. Agiza kiunganishi hicho pamoja na gari, na hakikisha mashine yenyewe inasoma Mercedes za miaka hiyo.